Papa Gungo Hana Sauti

Waltham Park, Kingston
Jumapili, 22 Februari 1987

Mdogo wangu Desrick,

Hamjambo huko Big Bridge? Mama anaendeleaje na ule mguu? Na yule mbuzi wake mwenye pembe moja, bado anatafuna nguo za majirani, au wameshamla kimya kimya wakasingizia mwizi? Sisi hapa hatujambo. Pearline anawasalimu sana. Mwambie Mama mashelisheli yalifika, moja tu ndilo lililopondeka njiani, tukayachoma siku ileile tukala na samaki wa chumvi.

Sasa Desi, kaa chini. Na kama unasoma barua hii palepale posta, mgeuzie mgongo Bi Verona, maana yule mama macho yake yanapita bahasha.

Nimekatwa kooni. Usiruke, si kisu cha mtu, ni cha daktari. Toka Krismasi nilikuwa nikishuka jukwaani natema damu kidogo, nikamwambia Pearline ni pilipili. Mwisho akanikokota hospitali. Wamenitoa kinyama kwenye sauti, daktari anasema kilikuwa kama punje ya mbaazi. Yaani mimi, Papa Gungo, Baba Mbaazi mwenyewe, nimetolewa mbaazi kooni! Cheka wewe, mimi nimekatazwa. Miezi mitatu nisitoe neno, hata kunong'ona marufuku. Natembea na kibao cha shule na chaki. Juzi nimekwenda dukani nikaandika "sabuni", yule Mchina akadhani mimi kiziwi, akaanza kunipigia kelele duka zima lisikie.

Nimemwuliza daktari kwa chaki: sauti itarudi? Akasema, "Tutaona." Tutaona! Mtu umesoma miaka yote hiyo unaniambia tutaona.

Wanaojua ni watatu tu: Pearline, daktari, na sasa wewe. Watu wengine wote wameambiwa niko Toronto nafanya maonyesho. Bwana Lascelles, yule mwandaaji, ameshaniandika kwa tamasha lake la tarehe sita Agosti, Siku ya Uhuru, jina langu juu kabisa ya mabango. Akisikia habari ya koo atalifuta kabla hajamaliza chai yake, na mji huu ukishasema umekwisha, umekwisha. Naogopa, Desi. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Jambo moja nakuomba. Mama toka macho yalipokwenda na sukari, hunisikia kwa kaseti kila mwezi. Mwezi huu sina cha kumtumia. Mwambie mashine yangu imeharibika. La koo asilijue kabisa.

Kaka yako,
Linval


Big Bridge, Westmoreland
16 Machi 1987

Kaka Linval,

Pole. Pole sana. Barua niliisomea kwenye miwa ili Bi Verona asione uso wangu. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, anakunywa maji ya mwarobaini kwa kulazimishwa kama mtoto. Mbuzi yuko hai na wiki iliyopita amekula kola ya mchungaji. Sisi tuko katikati ya msimu wa kuvuna miwa, mashamba yanachomwa moto, masizi mpaka kwenye uji. Mgongo huu si wangu tena, ni wa kiwanda.

Wewe kunyamaza miezi mitatu! Hata kanisani hukuweza dakika tatu. Lakini shika amri ya daktari, kaka, usijifanye mjuaji. Usiimbe hata bafuni.

La kaseti usijali. Nimelimaliza. Mama ametulia.

Alipita hapa King Hosea, yule mwenye mtambo wa muziki wa Savanna-la-Mar. Pasaka ana mpambano na mtambo mmoja wa Montego Bay, alitaka umrekodie santuri ya spesheli, ile ya kumtaja yeye kwa jina na kumzika mwenzake. Nikamwambia uko Toronto. Alikuta Mama anasikiliza kaseti, akasimama mlangoni muda mrefu, akanywa chai, akaondoka.

Basi ni hayo. Kula vizuri. Msalimie Pearline.

Ndugu yako,
Desrick


Waltham Park, Kingston
3 Mei 1987

Desrick,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mwambie Mama nauliza habari za mguu. Pearline alikuwa na mafua, amepona.

Sikiliza. Ijumaa Pearline karudi na kaseti kainunua barabarani, zile zinazorekodiwa kwenye dansi zenyewe. Mpambano wa Pasaka, King Hosea na wa Montego Bay. Kaiweka jikoni mimi namenya ndizi mbichi. Kelele, kelele, halafu Hosea anasema, "Mabibi na mabwana, kutoka kinywani mwake mwenyewe." Halafu nikajisikia naghani.

"Leteni jeneza, leteni na sanda,
Mtambo umekufa, Hosea kashinda!"

Desi, kisu kiliniponyoka. Mimi sijafungua kinywa toka Februari! Na jina la Papa Gungo limetajwa mara tatu, na ule mlio wangu wa pampu ya maji mwanzoni, na ule mcheko wangu mwishoni. Umati ukapiga masufuria kushangilia mpaka Hosea akairudisha mwanzo mara nne. Yule wa Montego Bay alifungasha waya zake akaondoka.

Pearline alikaa kwenye kiti akalia. Akasema, "Linval, ni wewe wa zamani." Hujui maneno hayo yamenichoma vipi.

Kuna mtu amevaa sauti yangu. Wapo wanaofanya hivyo, najua, mtu ana njaa anajifunza sauti ya mwenzake, anaiuza kwa mitambo ya mashambani. Lakini hao huwajua kwa sentensi ya pili. Huyu sikumjua. Na sasa Lascelles amempelekea Pearline salamu: "Mwambie Gungo nimesikia ya Hosea, sauti imezidi kuwa tamu, Agosti tutabomoa mji." Unaona balaa? Watu wananingoja mimi nije na sauti ya yule.

Hosea ni wa kwenu huko. Ulizia. Nani kamrekodia?

Linval


Big Bridge
24 Mei 1987

Kaka Linval,

Shikamoo, na pole kwa wasiwasi. Mama hajambo. Mvua imeanza, viazi vikuu vimeshika vizuri mwaka huu hasa vile vya upande wa mtoni, na jirani Bwana Cebert amenipa mbegu za vile vya njano ambavyo huwa vinachelewa lakini vikija vinakuja. Bati la jikoni nimelibadilisha. Mbuzi amezaa mapacha. Mchungaji ameulizia kama kola italipwa, Mama akamwambia amwulize mbuzi.

Nimeulizia lile jambo. Watu hawajui. Unajua tena watu wa mitambo, siri zao wanakufa nazo.

Ila nami nifikiri kwa sauti kidogo, usikasirike. Wewe umenyamaza, na jina lako halikunyamaza. Si heri? Kusingekuwa na wa kukuimbia, saa hizi ungekuwa umeshasahauliwa.

Kunywa maji ya uvuguvugu.

Desrick


Waltham Park, Kingston
14 Juni 1987

Desrick,

Salamu kwa Mama.

Miezi mitatu ilipokwisha daktari aliniongezea wiki chache za kunyamaza, na Jumanne alinimulika kooni akasema, "Haya, sema a." Nikasema. Ilitoka sauti kama ya mtu anayeburuta bati barabarani. Nikadhani ni ya kwanza kwanza tu, itanyooka. Leo siku ya tano. Haijanyooka. Nimerudi kwake, anasema jeraha limepona vizuri na nishukuru naweza kuzungumza. Ya juu haipandi. Nikitaka kuipandisha, inakatika kabisa, nabaki natoa pumzi.

Pearline anajitahidi. Nikimwita jikoni hugeuka haraka na tabasamu, lakini kabla ya tabasamu kuna kitu kingine kwanza, nakiona.

Basi nikachukua ile kaseti ya Pasaka nijisikie nilivyokuwa. Niliisikiliza siku nzima, nikaanza tena kesho yake. Na siku ya pili ndipo nikasikia. Kila penye s pana filimbi ndogo. Sanda. Hosea. Umati unaifunika, lakini ipo.

Mtu mwenye filimbi ile meno yake ya mbele yana pengo, na mimi ndiye niliyelifanya pengo hilo, nilipokusukuma kutoka kwenye mkokoteni wa miwa ukiwa na miaka kumi na moja.

Ni wewe, Desi. Nijibu.

Linval


Waltham Park, Kingston
5 Julai 1987

Desrick,

Wiki tatu. Basi la Savanna-la-Mar linatumia saa tano tu kuja hapa, barua yako inapita wapi?

Sikuandikii kukugombeza. Lascelles anataka tufanye mazoezi na bendi, nimemwambia nina homa. Mabango yamebandikwa mpaka kwenye nguzo ya taa ya mlangoni kwangu. Nikitoka najiona, nikirudi najiona. Zimebaki siku thelathini na mbili na usiku silali. Niambie tu neno moja.

Linval


Big Bridge
19 Julai 1987

Kaka,

Mama hajambo, anakula. Watoto wa mbuzi tumewauza.

Ndiyo. Ni mimi.

Nilikuwa nimeandika barua mbili nikazichana. Hii sitaichana, hata ikitoka vibaya.

Nilimwambia Mama mashine yako imeharibika, kama ulivyosema. Alikaa kando ya redio toka asubuhi, uji ukapoa mbele yake. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu akasema, "Linval amekufa, mnanificha." Sasa wewe ungefanyaje? Nikaazima mashine ya Bwana Cebert, nikajifungia chooni, nikamsalimia Mama kwa sauti yako, nikamwambia Toronto kuna baridi mpaka mate yanaganda. Alicheka, kaka. Alikula sahani mbili. Nikasema ni mara moja tu. Mwezi uliofuata akaulizia ya mwezi.

Hosea alisimama mlangoni akaisikia. Yule ana masikio ya popo. Alinifuata mpaka kwenye miwa, akaniambia, "Toronto hakuna jogoo, na kwenye kaseti ile jogoo wa Bwana Cebert anawika." Akasema nimrekodie moja tu. Nilikataa. Sikukataa sana.

Sasa na mimi niseme langu, maana miaka kumi na miwili nimelimeza. Mwaka ule wa sabini na tano, mtambo ulipokuja kwenye sherehe ya kumaliza kuvuna, nani aliyekuwa ashike kipaza sauti? Mlio wa pampu ni wa nani? Nani alikuwa anaitwa Gungo nyumba nzima kwa sababu alikuwa anamaliza mbaazi za wenzake? Nikashikwa na matubwitubwi, shingo kama boga, ukasimama mlangoni na shati langu umelivaa. Ulisema, "Nakwenda kukushikia nafasi tu." Jumamosi ile ukaghani maneno yangu, Jumatano ukapanda basi la Kingston. Kaka, nafasi yangu umeishika mpaka leo.

Nilikuwa radhi. Mama alihitaji mmoja abaki, na wewe ulituma vitu, hukututupa. Lakini nilipoingia kwenye ile studio ya Savanna-la-Mar na kuvaa vile vya masikioni, usidhani nilikuiga. Sikukuiga. Niliimba tu.

Nisamehe kwa Hosea. Kwa Mama siombi msamaha.

Agosti usipande jukwaani. Sema unaumwa, iwe aibu ndogo.

Desi


Kingston
10 Agosti 1987

Mdogo wangu,

Mko wazima? Mimi mzima, ila paji la uso nimeshonwa nyuzi tatu.

Nilipanda. Ungenijua usingenikataza, ungeninyamazia tu. Nilivaa ile suti nyeupe na kofia ya kijani. Mshereheshaji aliponitaja, uwanja mzima ukapiga ule mlio wa pampu, maelfu ya watu. Nikasema moyoni, wananipenda, watanipokea nilivyo. Nikaanza.

Mstari wa kwanza wakadhani ni mitambo imeharibika. Kuna mtu akapiga kelele, "Rekebisheni kipaza sauti!" Mstari wa pili wakanyamaza. Uwanja ukinyamaza hivyo, Desi, unasikia jenereta. Halafu mwanamke mmoja pale mbele, mnene, ana mtoto mgongoni, akanyoosha kidole: "Huyu siye! Gungo tunamjua sisi! Huyu mwigaji!" Basi. "Mwigaji! Mwigaji! Tuleteeni Gungo!" Chupa zikaanza. Nilitaka kuwaambia mimi ndiye, mimi Linval Tulloch, nimekatwa koo. Lakini hata hilo ningelisema kwa sauti hii hii. Nilisimama. Ya tatu au ya nne ndiyo iliyonipata.

Na unajua walitulizwa na nini? Mpiga santuri wa Lascelles alikuwa na ile kaseti ya Hosea. Akaiweka. Uwanja ukalipuka kwa furaha. Mimi niko nyuma, Pearline ananibana kitambaa usoni, wewe unaimba na watu wangu wanakuitikia.

Nilikuwa na hasira nawe safari nzima ya kurudi nyumbani. Nilipofika kitandani ikaisha, maana nilikumbuka shingo yako ilivyokuwa mwaka ule. Ni kweli, Desi. Shati lilikuwa lako, mlio wako, na maneno yalikuwa yako. Sikwenda kushika nafasi. Nilipofika mlangoni nilishajua sirudi. Sijapata kumwambia mtu, hata Pearline.

Njoo uichukue. Suti itakutosha, punguza kiuno tu. Lascelles hatajali nani ni nani mradi watu waitikie. Mimi nitakaa nyuma nikushikie maji.

Ndani ya kifurushi kuna kaseti. Ni ya Mama. Nimesema mwenyewe, kwa sauti niliyonayo. Sijamweleza kitu humo, nimemsalimia tu na kumwuliza mguu. Mwekee. Naogopa hii kuliko ule uwanja, nakuambia kweli. Wale walinirushia chupa nikashonwa. Mama asiponijua, sijui mtu anashonwa wapi.

Linval


Big Bridge
6 Septemba 1987

Kaka Linval,

Pole na nyuzi. Viazi vikuu tumevuna, nimekutumia vinne kwa dereva wa basi, uvihesabu maana simwamini.

Nianze na lako. Sitaki suti. Nilikwenda kwa Hosea nikamwambia aivunje ile santuri. Akanicheka: santuri zile ni laini, sindano inazila, akiipiga mara arobaini hamsini itabaki inanguruma tu, kwa hiyo ngoja ife yenyewe. Basi ife. Juzi nimeghani kwake kwa jina langu, Desrick, bila mlio wowote wa pampu. Watu wakasema, "Aa, huyu anamwiga Gungo." Tumekwisha wote wawili, bwana! Lakini nitarudi Jumamosi. Wakinirushia chupa wanirushie mimi kama mimi.

Sasa la Mama. Umeliuliza, nakujibu lilivyokuwa, sipunguzi.

Kaseti ilikaa kwangu siku nane. Nilikuwa nikiitazama naiacha. Jumapili baada ya kanisa nikaiweka. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu. Ikaisha. Akasema, "Maskini. Nani huyu mzee? Anaumwa huyu." Nikamwambia, ni Linval, Mama. Akacheka. "Linval nilimsikia mwezi uliopita. Ondoa hiyo, niwekee mwanangu."

Kaka, ningeweza kukuwekea uongo hapa. Nilikaa nikafikiri. Kaseti yangu ya Julai ilikuwa palepale mezani, ningeibonyeza tu akafurahi.

Nikamwambia yote. Koo, Februari, choo, mashine ya Bwana Cebert. Halafu akanyoosha mkono, na haoni, lakini kofi lilinikuta shavuni sawasawa. "Yaani mwanangu amekaa bubu toka Februari, na mimi niko hapa nacheka?" Nikasema ndiyo. Akalia, nami nikalia, mbuzi akaingia ndani hakuna wa kumfukuza.

Alipomaliza akajifuta uso na kanga yake ya kichwani, akasema, "Niwekee yule mgonjwa." Nikakuweka. Akasema tena. Nikakuweka tena. Mara ya nne ulipouliza habari za mguu, akajibu. Akakujibu kabisa, kama uko pale kwenye kiti, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, dawa gani, nani kaleta. Baada ya hapo nikamwuliza kama sasa amekujua.

Akasema, "Hapana. Sitamdanganya. Sauti hiyo siijui."

Nikadhani ndiyo imekwisha. Akapapasa mpaka akanipata mkono.

"Mwandikie aje," akasema. "Akae mwezi, azungumze humu ndani kutwa. Alipozaliwa pia sikuwa naijua."

Ndugu yako,
Desrick